Tangazo lilisema 'ofisa masoko', usaili ukadai majina 20 na Sh180,000

Dar es Salaam. Shati jeupe lilipigwa pasi mara mbili usiku ule, kwa sababu umeme ulikatika kazi ikiwa katikati. Viatu vyeusi vilinunuliwa Jumamosi Kariakoo kwa Sh18,000, vya mtumba lakini vimepigwa rangi vikang'aa. Ndani ya bahasha ya kaki kulikuwa na nakala tatu za cheti cha chuo, tatu za kidato cha sita, tatu za kidato cha nne na tatu za cheti cha kuzaliwa, zote zikiwa na muhuri wa wakili. Saa 11:30 alfajiri mama alikuwa ameshachemsha chai na kumkaangia mwanawe mayai mawili, jambo ambalo katika nyumba ile ya Mbagala halifanyiki siku ya Jumatatu.

Binti ana miaka 25. Alimaliza shahada ya kwanza ya masoko miaka miwili iliyopita, na maombi ya kazi aliyotuma tangu hapo ni mengi kiasi kwamba aliacha kuyahesabu. Mara mbili alijibiwa kwamba ataitwa. Hakuitwa. Kwa hiyo asubuhi hiyo, baba yake, fundi mwashi ambaye kwa kawaida huondoka kabla hakujapambazuka, alichelewa kwenda saiti ili amsindikize hadi kituoni.

Wazazi wamekubali habari hii iandikwe kwa sharti moja, kwamba majina yao yasitajwe. Sababu yao si aibu tu. Ni kwamba mtaani bado wapo majirani wanaoamini binti yao ni ofisa masoko wa kampuni ya kimataifa.

Tangazo lilivyoingia

Lilikuja kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja sekondari, likiwa limeshasambazwa mara nyingi. Lilisema zipo nafasi 22 za haraka: maofisa masoko wasaidizi 15, wasimamizi wa ofisi wanne na wahudumu wa mapokezi watatu. Elimu kuanzia kidato cha nne, uzoefu hauhitajiki, mafunzo yatatolewa. Mshahara kati ya Sh350,000 na Sh700,000 kulingana na juhudi. Anayetaka atume jina lake kamili, umri na mahali anapoishi.

Jina la kampuni halikuwapo. Anuani ya barua pepe haikuwapo. Wala hapakuwa na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, ila neno "haraka" lilikuwamo mara tatu.

Ukiyasoma leo maneno hayo ukiwa umetulia, unaona mashimo. Binti naye anayaona sasa. Lakini mtu aliyekaa nyumbani miaka miwili, ambaye kila asubuhi mdogo wake anatoka kwenda shule na baba anatoka kwenda kazini na yeye anabaki na vyombo, hasomi tangazo kwa kutafuta mashimo. Anasoma akitafuta mlango.

Alituma ujumbe saa 3:10 usiku. Kabla ya saa 3:15 alijibiwa: hongera, umechaguliwa kufanyiwa usaili, fika Jumatatu saa 2:00 asubuhi, Sinza, jengo fulani, ghorofa ya tatu, vaa nadhifu, beba kalamu. Hakuna aliyeuliza amesomea nini.

Mama alipoambiwa alipiga vigelegele vya chini chini, kwa sababu ulikuwa usiku. Asubuhi havikuwa vya chini tena. Yeye anauza chapati na maharage karibu na kituo cha daladala, na kufikia saa 4:00 wateja wake wa kila siku walikuwa na habari, pamoja na wanachama wenzake wa kikoba. Na mzazi gani angenyamaza? Miaka miwili amekuwa akiulizwa "mwanao yuko wapi sasa hivi?" na watu ambao jibu wanalijua.

Viti 60 na muziki

Alipanda daladala mbili na kufika saa 1:25. Alidhani atakuwa wa kwanza. Kwenye ngazi alikuta foleni.

Mlangoni kulikuwa na meza, daftari na msichana mwenye tabasamu aliyepokea Sh5,000 kutoka kwa kila mtu, "ya fomu". Binti alikuwa na Sh9,000 zilizokusudiwa nauli, maji na chakula cha mchana. Alilipa. Waliokuwa mbele yake walilipa na waliokuwa nyuma wanatazama, na katika hali hiyo si rahisi kuwa wewe ndiye unayeuliza fomu gani hiyo inayouzwa.

Ndani palikuwa na viti vya plastiki kama 60, vyote vimejaa. Jirani yake wa kushoto alikuwa ametoka Kibaha. Wa kulia alikuwa amesafiri kutoka Morogoro na kulala kwa mjomba wake Manzese. Walipoonyeshana ujumbe waliotumiwa, ulikuwa uleule, neno kwa neno. Wote walikuwa "wamechaguliwa". Mtu anayejua hesabu kidogo tu angezidisha watu 60 kwa Sh5,000 akapata Sh300,000, zilizokusanywa kabla ya saa 3:00 asubuhi bila mtu yeyote kuulizwa swali hata moja.

Kisha muziki ukafunguliwa kwa sauti kubwa. Kijana aliyevaa suti aliingia akikimbia, akapiga makofi, akauliza kama wanataka mafanikio au hawataki. Wakajibu wanataka. Akasema hasikii. Wakapaza sauti. Binti anasema alijikuta naye anapaza sauti, na hilo ndilo linalomkera mpaka leo kuliko zile Sh5,000.

Kwa saa mbili yule kijana alieleza alivyokuwa anatembeza nguo barabarani na jinsi alivyokutana na "fursa". Ukutani zilionyeshwa picha za magari, za watu wakiwa Dubai, za hundi kubwa za maboksi. Neno kazi halikutajwa. Neno mshahara lilitajwa mara moja, kwa kudhihakiwa, kwamba mshahara ni wa watu waoga. Bahasha ya kaki ilikuwa magotini muda wote huo, na jasho la viganja lilianza kuilowesha pembeni.

Maswali aliyoulizwa

Saa 5:00 waligawanywa watano watano, kila kundi na "meneja" wake. Meneja wa kundi lake alikuwa kijana wa kiume aliyeonekana mdogo kwake. Huo sasa ndio ukawa usaili wenyewe, na inafaa mzazi ajue maswali yalikuwa yapi.

Unaishi na nani? Baba anafanya kazi gani? Mama je? Mmepanga au mnakaa kwenu? Una ndugu wangapi walioko kazini? Wapo walioko nje ya nchi? Ukipata dharura leo, unaweza kupata kiasi gani ndani ya siku tatu, na kutoka kwa nani?

Alijibu yote. Alidhani wanataka kujua kama ametoka katika familia tulivu. Ni baadaye, akiwa peke yake, alipoyarudia kichwani na kugundua kwamba hakuna swali hata moja lililomhusu yeye. Yote yalihusu mifuko ya watu waliomzunguka. Vyeti alivyovilipia muhuri havikufunguliwa. Alipojaribu kuvitoa, meneja alimwambia avirudishe, "hapa hatuangalii makaratasi".

Kisha wakapewa karatasi yenye mistari 20. Andika watu 20 unaowafahamu, jina na namba ya simu, ili tuone kama unaweza kuhusiana na watu. Ofisa masoko ni watu. Hilo lilikuwa na mantiki yake na aliandika haraka: shangazi yake wa Temeke, mwalimu wa kwaya, katibu wa kikoba cha mama, aliyekuwa msimamizi wake wakati wa mafunzo kwa vitendo, marafiki wa chuo. Namba saba aliandika rafiki yake wa karibu, waliyekaa chumba kimoja hosteli miaka mitatu. Karatasi zilikusanywa.

Baada ya karatasi kukusanywa ndipo maelezo yakatolewa. Ili kuanza, kila mmoja anunue boksi la "kianzio" kwa Sh180,000, lenye sabuni, dawa ya meno na virutubisho. Akishanunua anakuwa msambazaji. Akiuza anapata kamisheni. Akileta watu wengine nao wakanunua boksi, anapata zaidi, na hapo ndipo pesa ilipo. Aliyeleta wengi anaitwa meneja.

Aliuliza, na sauti yake ilitetemeka kidogo, ile nafasi ya ofisa masoko msaidizi ni ipi. Meneja alicheka bila ubaya wowote na kumwambia ofisa masoko ni wewe. Akauliza na ile ya mapokezi. Akaambiwa yule dada wa mlangoni alianza kama wao, wiki tatu zilizopita.

Simu saba

Alitoka saa 7:00 mchana. Simu ilikuwa na miito saba ya mama ambayo hakuipokea. Alitembea hadi stendi ya Makumbusho kwa sababu nauli iliyobaki ilitosha daladala moja na nusu, akakaa kwenye benchi karibu saa mbili akitazama magari ya Mbagala yakijaa na kuondoka.

Mama alipopiga mara ya nane alipokea. Kulikuwa na makelele ya wapiga debe upande huu na makelele ya wateja upande ule. Mama aliuliza vipi. Yeye akasema, "Yameenda vizuri, mama."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Anasema maneno yalitoka yenyewe, na yakishatoka hayakuwa na njia ya kurudi, kwa sababu alimsikia mama akigeuka na kuwaambia watu waliokuwa kibandani. Alipofika nyumbani jioni alikuta kuku anachemka. Kuku, siku ya Jumatatu. Mdogo wake alikuwa amevaa shati safi.

Familia nyingi hudhani mtoto anayedanganya wazazi ana tabia mbaya, na wengine ni kweli wanayo. Lakini kuna uongo ambao mtoto huubeba kama mzigo wa mtu mwingine. Huyu alikuwa amebeba viatu vya Sh18,000, muhuri wa wakili, mayai mawili, Sh5,000 ya fomu na vigelegele vya kibandani, na katika mzigo wote huo hapakuwa na pa kuingiza neno "hakuna kazi".

Ndivyo wanaotoa matangazo ya namna hii wanavyofaidika. Wangeandika ukweli, kwamba wanatafuta watu wa kununua boksi la sabuni na kutafuta wanunuzi wengine, viti 60 vingebaki vitupu. Wakiandika ofisa masoko, anayekuja ameshatumia nauli, ameshavaa, ameshaaga. Ameshalipa kabla ya kulipa. Kumrudisha nyumbani mikono mitupu kunamuumiza zaidi ya kumtoza Sh180,000, na wao wanalijua hilo.

Jumanne alivaa tena shati jeupe, akaondoka saa 12:30. Alikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, akakaa hadi jioni. Jumatano vilevile. Kila jioni yule meneja kijana alimpigia kumwambia nafasi yake inashikiliwa hadi Ijumaa tu.

Ijumaa hiyohiyo kikoba cha mama kilikuwa kinavunjwa. Fungu lake lilikuwa Sh420,000 na lilikuwa na kazi tayari: mdogo wake binti alikuwa amepangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani, na orodha ya mahitaji ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa kabati, kuanzia godoro hadi ndoo. Jumatano usiku binti alilala akiwa ametunga sentensi kamili. Angemwambia mama kwamba kazini wanadai Sh180,000 ya sare, kitambulisho na mafunzo, itarudishwa mwezi wa kwanza.

Mama, akisimulia, haombi apambwe. Anasema angempa. Asingeuliza hata mara mbili.

Shangazi alipigiwa

Kilichomwokoa mama ni ile karatasi ya mistari 20. Alhamisi asubuhi shangazi wa Temeke alipigiwa simu na mtu asiyemjua, aliyemwita kwa jina lake kamili na kumwambia mtoto wa kaka yake ameanza kazi nao na amempendekeza yeye kwa fursa ya biashara. Shangazi si mtu wa kuzungushwa. Aliuliza fursa gani, akaambiwa aje Jumamosi na Sh5,000 ya fomu. Alikata simu akampigia kaka yake saitini.

Jioni ile haikuwa nzuri. Baba alifoka, na kwa muda hakueleweka anafoka kuhusu nini: uongo wa siku tatu, namba za watu kugawanywa, au kuku. Kisha akasema jambo ambalo baba wengi wangesema, kwamba kazi ni kazi, kuuza sabuni si aibu, yeye amebeba zege tangu ana miaka 17 na ndilo lililomsomesha huyo msomi. Mama, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akamjibu kwamba yeye pia anauza, miaka 14 sasa, ila hajawahi kumlipa mtu ili amruhusu kuuza chapati.

Mabishano yao yana thamani kuliko semina nyingi. Baba yuko sahihi kwamba kuuza kwa kamisheni ni kazi halali. Wapo wanaoishi kwa kuuza bima, wapo wanaosajili laini za simu kwa kamisheni, na wengi walianzia hapo. Lakini anayekwenda kwenye kazi hizo anaambiwa tangu mwanzo kwamba hakuna mshahara, na pesa inatokana na kitu kilichouzwa kwa mtu anayekihitaji. Pale pesa inapotegemea zaidi kiingilio cha watu wapya kuliko bidhaa, hapo ni upatu, uitwe jina lolote. Wazazi wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wanaikumbuka DECI, ambayo mwaka 2009 iliacha watu wengi wakililia fedha walizopanda, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Kanuni ya Adhabu inakataza kuendesha upatu wa namna hiyo. Si kila biashara ya mtandao ni kosa kisheria, na wanaoziendesha ni wepesi kulisema hilo. Kuiita biashara hiyo ajira ya mshahara ni jambo jingine kabisa.

Na kuhusu ajira yenyewe, sheria haijakaa kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya maandishi anapoanza kazi: maelezo ya kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, na ujira pamoja na jinsi unavyokokotolewa. Kijana anayeuliza kuhusu mshahara kwenye usaili hana tamaa wala woga. Anauliza kitu ambacho mwajiri wa kweli atalazimika kukiandika.

Kuna wanaojitetea kwamba wao si waajiri bali wanatafutia watu kazi. Hao nao wana utaratibu wao. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma za Ajira, na hatakiwi kumtoza mtafuta kazi. Serikali ina wakala wake, TaESA, anayemsajili mtafuta kazi bila malipo. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na maombi hutumwa kwenye mfumo wake wa mtandaoni, nako hakuna fomu ya Sh5,000.

Ukutani katika ile ofisi ya Sinza kilitundikwa cheti cha BRELA ndani ya fremu, na binti anakiri kilimtuliza. Watu wengi kinawatuliza. Cheti hicho kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa. Hakithibitishi kwamba ina nafasi 22 za kazi, wala nafasi moja.

Ile karatasi ya majina nayo si jambo dogo kama inavyoonekana. Tangu Mei 1, 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba ya shangazi ni taarifa ya shangazi, si ya mpwa kuigawa wala ya kampuni kuitumia itakavyo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Shangazi alisema hana muda wa kwenda tume, ila kama watampigia tena atautafuta.

Namba saba

Ijumaa mama alichukua fungu lake la kikoba na kwenda moja kwa moja kununua godoro. Jioni aliketi na binti sebuleni na kumwambia kitu kimoja tu ambacho binti anakikumbuka vizuri: kwamba mficha uchi hazai, na kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake yeye mama, kutangaza kazi kabla mtu hajaiona kazi. Kisha akamwambia achukue simu awapigie wale 20, mmoja mmoja, kabla hawajapigiwa.

Ilichukua siku mbili. Mwalimu wa kwaya alicheka. Katibu wa kikoba alisema kimya kimya kwamba mtoto wake wa kiume aliingia kwenye kitu kama hicho Mwanza mwaka juzi na hajawahi kumwambia mtu. Aliyekuwa msimamizi wake hakupokea.

Namba saba alipokea akiwa na furaha. Alikuwa ameshapigiwa Jumanne. Aliambiwa rafiki yake wa hosteli tayari ameanza nao na anaendelea vizuri, naye hakuona haja ya kuuliza, kwani anamfahamu. Alikopa Sh180,000 kwa kaka yake. Boksi lilikuwa chini ya kitanda, na alikuwa anasubiri amsikie rafiki yake amefikia wapi ili wapange pamoja.

Binti anasema hapo ndipo alipolia, si Makumbusho. Walikwenda wote wawili ile ofisi ya Sinza kudai fedha. Walipokelewa kwa heshima, wakapewa maji, wakaelezwa kwamba bidhaa ikishanunuliwa hairudishwi na kwamba watu waliofanikiwa nao walipita kwenye kukata tamaa. Muziki ulikuwa unafunguliwa kwenye chumba cha pili. Waliokuwa kwenye ngazi walikuwa na bahasha za kaki.

Sasa binti anasimamia mauzo kwenye duka moja la vifaa vya umeme Kariakoo, siku tatu kwa wiki, kazi aliyoipata kwa kuingia mlango kwa mlango na kuuliza. Kabla hajaanza, baba yake aliomba ruhusa saitini, akaenda naye hadi dukani, akamuuliza mwenye duka kwa adabu analipa kiasi gani na analipa lini. Mwenye duka hakukasirika. Alimvutia mzee kiti, akamjibu, na kiasi hicho kikaandikwa kwenye karatasi ambayo baba ameihifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Hulipwa kila Jumamosi, na kila Jumamosi hutenga sehemu kwa ajili ya deni la rafiki yake kwa kaka yake, ingawa rafiki hakuliomba hilo.

Mtaani mama akiulizwa, hujibu kwamba mwanawe yuko Kariakoo. Anayetaka kudhani ni ofisi ya kampuni ya kimataifa haambiwi sivyo. Binti anamcheka kwa hilo, naye mama anacheka pia, lakini hajabadilisha jibu.

Kuhusu boksi, wawili hao wamekuwa wakiuza bidhaa moja moja kwa bei ya chini kuliko ile waliyoambiwa, ili mradi fedha irudi. Virutubisho havina mnunuzi. Dawa ya meno imekwisha. Sabuni zimetoka sita, na mbili kati ya hizo ziko bafuni Mbagala.